Miaka yangu kwenye jeshi la Marekani: nilichojifunza kuhusu ubaguzi na siasa za askari

Ndugu zangu wa Morogoro wakinipigia simu, swali ni lilelile: "Dada, huko jeshini kwao, weusi mnabaguliwa?" Wanataka ndiyo au hapana. Nimelitumikia jeshi la nchi kavu la Marekani kuanzia 2015 hadi 2023, idara ya ugavi, nikatoka na cheo cha sajenti, na jibu la neno moja sina. Ninachoweza ni kueleza niliyoyaona. Wapo vijana wetu wanaopata grini kadi na kujiandikisha, na wengi wanaingia wakiwa wamesikia hadithi mbili tu: ama jeshini rangi haihesabiki, ama jeshi zima limejaa wabaguzi. Anayeingia na mojawapo ya hizo hatajua aangalie wapi.

Mimi nimekulia kotazi. Baba alikuwa askari wa JWTZ, alipigana Vita vya Kagera, na kwenye sanduku lake la chuma alitunza pamoja medali na kadi ya CCM. Kizazi chake hakikuona ajabu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati ule, pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi lile, na Septemba mwaka huohuo likaundwa jipya ambalo vijana wake wengi walitoka TANU Youth League. Tangu hapo jeshi na chama vilikwenda pamoja mpaka mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Kwa hiyo kwa baba, siasa za askari zilikuwa jambo la wazi, lenye tawi, mwenyekiti na mikutano. Kuhusu kabila alikuwa mkali zaidi. Wakoloni kwenye KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, walichagua makabila waliyoyaita ya kivita. Jeshi lake yeye lilichanganya watu, Mmakonde na Mhaya hanga moja, sufuria moja. "Jeshini hakuna kabila, mwanangu," alikuwa akiniambia, na alikuwa hatanii.

Marekani kanuni ni nyingine. Askari anaruhusiwa kupiga kura, kumchangia mgombea na kubandika stika kwenye gari lake binafsi. Haruhusiwi kwenda kwenye mkutano wa kampeni akiwa na sare, wala kutumia cheo chake kumwombea mtu kura. Kiapo ni kwa Katiba. Hakuna chama ndani yake wala jina la kiongozi. Kwa maandishi, siasa zinaachwa getini.

Mafunzo ya ukuruta niliyafanya Fort Jackson, South Carolina. Hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno ambalo kila askari wa Marekani analijua. Mkufunzi wetu, mwanamke mweusi mwenye sauti ya kupasua ukuta, alisimama katikati ya hanga akasema: "Mimi sioni mweusi, sioni mweupe. Naona kijani," yaani rangi ya sare. Na niseme ukweli, kwa zile wiki za depo maneno yake yalikaribia sana kuwa kweli. Mateso yaligawanywa sawasawa. Nakumbuka usiku mmoja kabla ya ukaguzi, binti mweusi wa Georgia alikuwa anawasuka wenzake kwa zamu chini ya taa ya chooni, maana kofia ya chuma haikai vizuri kwenye fundo la nywele. Binti mzungu kutoka milima ya West Virginia, ambaye alisema kwao hakuwahi kukaa chumba kimoja na mtu mweusi, akaja na kitana chake akakaa chini, akaomba naye asukwe. Akasukwa twende kilioni, mistari minne, huku analalamika kichwa kinamuuma na sisi tunamwambia avumilie. Asubuhi kofia yake ilikaa sawa kuliko ya mtu yeyote.

Jambo hilo lisingetokea miaka themanini iliyopita. Katika vita vya pili vya dunia weusi walikuwa na vikosi vyao peke yao, mara nyingi chini ya maofisa wazungu. Rais Truman alisaini amri nambari 9981, ya kuwapa askari wote haki sawa bila kujali rangi, tarehe 26 Julai 1948, na ilichukua mpaka mwaka 1954 kikosi cha mwisho cha weusi watupu kuvunjwa. Hata hivyo jeshi liliwahi: lilianza kuchanganya watu kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijatoa hukumu ya kuchanganya watoto mashuleni. Heshima hiyo wanastahili na sitawanyima.

Baada ya kusomea kazi ya ugavi Fort Lee, Virginia, nilipelekwa kambi moja kubwa ya kusini. Sitaitaja. Karibu askari mmoja kati ya watano wa jeshi la nchi kavu ni mweusi, lakini hawakutawanyika sawa. Bohari yetu ilikuwa na weusi wengi, watu wa Puerto Rico, Wafilipino na Waafrika tuliotoka huku kwetu. Ukipeleka makaratasi makao makuu ya brigedi, ukapita mlango kwa mlango ukisoma majina na kutazama sura, unaona jinsi weupe unavyoongezeka kadiri vyeo vinavyopanda. Hakuna aliyekificha kitu hicho. Kilikuwepo tu, na watu walikizoea.

Siasa nilizikuta kwenye maegesho ya magari. Kila gari lilikuwa limesema kura yake kabla mwenye gari hajafungua mlango. Miongoni mwao lilikuwepo pikapu la koplo mmoja wa Alabama, lina bendera ya Shirikisho la Kusini, ile ya waliopigana wakitetea utumwa. Tulifanya kazi bohari moja. Alikuwa na redio ndogo juu ya rafu ya vipuri, na kuanzia saa moja asubuhi ilikuwa ni watangazaji wa siasa wakifoka. Yeye naye alifoka pamoja nao: wahamiaji, Waislamu, wanawake jeshini, Obama. Huyohuyo ndiye aliyenifundisha kuendesha foklifti bila kuvunja paleti, na gari langu lilipokufa barabarani usiku wa baridi alikuja na minyororo akalivuta mpaka getini, hakutaka hata hela ya mafuta.

Januari 2018 iliripotiwa kwamba Rais Trump, akiwa kwenye kikao kuhusu wahamiaji, alizitukana Haiti na nchi za Afrika kwa neno la chooni. Yeye alikanusha kutumia lugha hiyo. Asubuhi ile bohari nzima ilikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida, watu wananitazama mimi na Mkenya mmoja wa karakana. Koplo akaja mpaka kaunta yangu, akaniambia, "Lakini si wewe. Wewe ni tofauti. Umekuja kwa njia halali." Nilikuwa nahesabu vichujio vya mafuta. Nikaweka kalamu chini nikamwambia, "Nchi iliyotukanwa ndiyo iliyonifundisha hesabu hizi ninazohesabia vipuri vyako. Ukiitukana, mimi nimo ndani." Akafungua mdomo, akaufunga. Redio siku hiyo haikuwashwa. Kesho yake ikawashwa kama kawaida, na najua alivyopiga kura mwaka 2020 kwa sababu alinieleza mwenyewe.

Nataka nieleweke hapa. Sisemi watu wa aina yake hawana madhara. Masajenti weusi wa umri mkubwa walitusimulia Desemba 1995, askari wa Fort Bragg waliokuwa na itikadi ya ubabe wa wazungu walipowaua kwa risasi mwanamume na mwanamke weusi waliokuwa wanatembea zao mjini Fayetteville. Mwaka 2019 gazeti la Military Times lilipowauliza wasomaji wake walioko kazini, asilimia 36 ya waliojibu walisema wameshuhudia dalili za ubabe wa wazungu na ubaguzi jeshini. Mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 22. Kelele za mdomoni mara nyingine hufika kwenye bunduki. Lakini katika maisha yangu mwenyewe, mtu aliyekaribia kunikata miguu hakuwa huyu mwenye bendera. Alikuwa stafu sajenti mpole ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno moja la siasa.

Alikuwa mkuu wangu wa karibu. Alinisalimia vizuri, aliniuliza habari za mama, alikuja na donati siku za Ijumaa. Katika jeshi lao mkuu wako anakuandikia kila mara fomu ya ushauri: umefanya nini, umepungukiwa wapi, uko tayari kupanda au bado. Ukitaka kuwa sajenti lazima upite mbele ya bodi, na hufiki mbele ya bodi bila mkuu wako kukupeleka. Kwenye fomu yangu aliandika kwamba kazi yangu ni nzuri ila lafudhi yangu "inaleta matatizo ya mawasiliano," kwa hiyo bado sijawa tayari. Mwezi uliofuata akaandika hivyohivyo. Wenzangu wawili, wote wazungu, ambao alama zao za kulenga shabaha na za mazoezi ya mwili zilikuwa chini ya zangu, wakapelekwa.

Angenitukana ningejua la kufanya. Lakini hapa ningesema nini? Kwamba sina lafudhi? Ninayo, ya Morogoro, na nitakufa nayo.

Aliyenivusha ni sajenti mmoja mweusi, mama wa Louisiana aliyekuwa anakaribia kustaafu. Nilipomwonyesha fomu hakuhamaki. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akaweka kidole chini ya ukurasa: "Hapa pana visanduku viwili. Nakubali, sikubali. Wewe umesaini tu, hujaweka alama." Akanieleza kwamba pembeni ya visanduku hivyo pana nafasi ya maneno ya anayeshauriwa, na kwamba watu wa rangi yetu wengi hutia saini haraka ili waonekane wana nidhamu. "Hapo hupigani," akaniambia. "Hapo unauliza. Na unauliza kwa maandishi."

Fomu iliyofuata niliweka alama ya sikubali, nikaandika kwa herufi za kusomeka: naomba nielezwe tarehe, ujumbe, na hasara iliyotokea, kwa kila mara ambayo mtu hakunielewa. Nikaambatanisha matokeo ya ukaguzi wa mali tangu nikabidhiwe bohari, ambayo hayakuwa na upungufu hata wa boliti. Stafu sajenti alisoma, uso ukabadilika rangi, akaniambia sikupaswa kulichukulia jambo hilo hivyo. Nikaomba kwa adabu kumwona sajenti mkuu wa kombania, mzungu wa Texas, mtu wa maneno machache. Akamwita stafu sajenti mbele yangu, akamuuliza swali lilelile nililoliandika. Tarehe gani? Ujumbe gani? Hakuwa nayo hata moja. Mstari ule ukafutwa na nikapelekwa kwenye bodi, ambako waliniuliza maswali kwa Kiingereza, nikawajibu kwa Kiingereza changu cha Morogoro, wakanielewa.

Yule stafu sajenti hakupewa adhabu yoyote. Alipanda cheo akahamishwa. Sidhani kama aliwahi kujiona mbaguzi, na huenda nyumbani kwake husema kwa dhati kwamba yeye haoni rangi. Ndiyo maana lile neno la kijani halinifurahishi tena. Mtu akishasema haoni, hutampata mahali pa kumwonyesha.

Mwaka 2020, baada ya George Floyd, mwanamume mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, kwa muda kidogo watu walikubali kuonyeshwa. Julai mwaka ule wizara ya ulinzi ilitoa orodha ya bendera zinazoruhusiwa kutundikwa kwenye sehemu za kazi, na ya Shirikisho la Kusini haikuwemo. Ile ndogo iliyokuwa ukutani karakana ikashushwa kimyakimya. Wakati huohuo picha za maofisa ziliondolewa kwenye mafaili ya bodi za kupandisha vyeo. Hilo la picha lilinigusa kuliko bendera. Bendera naiona, naweza kupita mbali nayo. Faili linasomwa chumbani nisikokuwepo.

Februari 2021, baada ya wafuasi wa Trump kulivamia Bunge la Marekani mwezi uliotangulia, ambapo miongoni mwa walioshtakiwa walikuwemo wanajeshi wa zamani na wachache waliokuwa bado kazini, Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin, mweusi wa kwanza kushika wizara hiyo, aliagiza kila kikosi kisimamishe kazi siku moja kizungumzie itikadi kali, ndani ya siku 60. Sisi tulikalishwa ukumbini, viti vimeachana kwa sababu ya korona. Picha zikapita kwenye skrini. Kijana mmoja akanyoosha mkono: mbona maandamano na uchomaji wa mwaka jana hamuutaji? Ukumbi ukanguruma, nusu wanaafiki, nusu wanaguna. Aliyekuwa anaongoza hakuwa na jibu, akarudi kwenye picha zake. Askari weusi waliokuwa mbele yangu waliinamia simu zao. Walijua kwamba lolote watakalosema litawafuata Jumatatu bohari, nami nilijua hivyohivyo. Wazungu wengi walitoka pale wakijiona wameshutumiwa kwa ujumla wao, na hawakuwa wamejifunza kitu. Kilichonibakia ni dakika chache za mwisho, kapteni wetu alipoacha skrini akasoma kiapo neno kwa neno, polepole, akatuuliza ndani yake tumesikia jina la mtu gani. Laiti ingekuwa siku nzima ni hiyo.

Na sisi Waafrika? Tusijifanye hatumo. Wikendi tulikutana kwa Mkenya mmoja nje ya kambi, nyama choma, ugali, Wanaijeria na Waghana na Wakameruni. Wengi mle walikuwa upande wa Trump, kwa ajili ya kanisa, utoaji mimba, na kwa kuona kwamba aliyefuata foleni ya viza asichanganywe na aliyeruka ukuta. Hayo ni mawazo yao na kura ni yao. Lililonichoma ni wenyeji weusi kuitwa walalamishi. "Sisi tumekuja kufanya kazi," jamaa mmoja alisema, "wao kila kitu ni ubaguzi." Nikamjibu kwa hasira, na hasira ile siioni kuwa na kosa. Nilimwambia habari za Arthur Gregg. Aliingia jeshini mwaka 1946, na akiwa luteni kijana pale Fort Lee alizuiwa kuingia klabu ya maofisa kwa sababu ya rangi yake. Alibaki, akawa mweusi wa kwanza kuwa luteni jenerali katika jeshi la nchi kavu, na mtu wa ugavi kama sisi. Wewe na mimi, nilimwambia, tunakaa mesi yoyote tunayotaka kwa sababu watu kama yeye na waliomtangulia walilalamika. Yule mama wa Louisiana asingelalamika miaka yake yote, asingejua kisanduku kiko wapi cha kunionyesha.

Aprili 2023, kambi ile niliyosomea ilibadilishwa jina. Hapo awali ilikuwa ya Robert E. Lee, jenerali wa Shirikisho la Kusini. Ikaitwa Fort Gregg-Adams, kwa heshima ya Gregg na Charity Adams, aliyewaongoza wanawake weusi wa kikosi cha 6888 kule Uingereza na Ufaransa mwaka 1945 kushughulikia marundo ya barua za askari. Gregg alikuwepo kwenye sherehe, mzee wa miaka tisini na kitu, kwenye kambi ambayo zamani ilimfungia mlango. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2025 serikali mpya ikarudisha jina la Fort Lee, safari hii kwa kusema ni la Fitz Lee, askari mweusi aliyepata nishani ya juu kabisa kwa ushujaa wake Cuba mwaka 1898. Fitz Lee anastahili kambi. Lakini Gregg na Adams hawakustahili kung'olewa, na kila mtu anajua kwamba shujaa huyu alitafutwa kwa sababu ya jina lake la ukoo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hata hivyo kinachonikosesha usingizi sasa ni karatasi nyingine. Nina kijana niliyewahi kumsimamia, mweusi wa Carolina, fundi hodari, ambaye akinyoa ndevu kwa wembe kila siku shingo yake inatoka vipele vinavyotunga usaha, kwa sababu nywele zilizojikunja zinarudi ndani ya ngozi. Ni ugonjwa unaojulikana, na huwapata zaidi wanaume weusi. Miaka yote alikuwa na cheti cha daktari cha kumruhusu kuacha ndevu fupi. Mwaka 2025 kanuni zilikazwa: anayehitaji ruhusa hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja licha ya matibabu anaweza kutolewa jeshini. Kanuni haitaji rangi ya mtu popote. Hakuna tusi ndani yake wala bendera.

Alinipigia akiwa anataka kusaini tu yaishe. Nikamwambia asisaini chochote kabla hajaandika upande wake. Tumekaa kwenye simu jioni kadhaa tukipanga: vyeti vya hospitali kwa tarehe, picha za shingo yake, alama zake za kazi, majaribio ya barakoa ya gesi ambayo yote ameyafaulu akiwa na ndevu zake fupi. Daktari wa ngozi ameandika maelezo. Kapteni wake, mzungu wa Ohio ambaye kwa siasa hawapatani hata chembe, amesaini kumuunga mkono. Faili limepelekwa juu wiki iliyopita na majibu hayajarudi.